Acha Lili, Panda Kiazi Kikuu

Lili inayoliwa ipo. Nchini China vitunguu vyake, vyenye magamba meupe yaliyofumbatana, hutiwa kwenye supu na kwenye uji, na Lanzhou, mji mkuu wa mkoa wa Gansu, una sifa ya zao hilo. Wajapani huvilima zaidi Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye theluji nyingi. Basi mtu wa Ukunda, kaunti ya Kwale kusini mwa pwani ya Kenya, aliyevionja kwa mwajiri wake au mkahawani, akauliza kama anaweza kuvipanda uani kwake, ameuliza swali la haki. Jibu lake ni hapana, na heri alisikie kabla hajatumia pesa.

Kinachokosekana ni baridi. Kitunguu cha lili hizo hulala, na ili kiamke vizuri kinataka majuma kadhaa ya baridi iliyo karibu na ile ya ndani ya friji. Hapa kwetu hata Julai, kusi inapovuma na wazee wakatafuta shuka la pili, usiku hauteremki sana chini ya nyuzi 20, na udongo wenyewe haupoi. Ukivilazimisha kwa friji unaweza kupata ua, ukafurahi juma moja, kisha kitunguu kikanywea na kuoza kwa joto. Huko kwao kwenyewe hukaa ardhini miaka mitatu au zaidi ndipo kifae kuliwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya kumfuga mgeni wa namna hiyo. Na vitunguu vinavyouzwa kwa ajili ya maua visikaribie sufuria kabisa, kwa sababu huenda vimetiwa dawa, na si kila lili huliwa.

Ningeishia hapo kama hasara ingekuwa ya pesa tu. Lakini mtu akishaamini kwamba lili ni chakula, jicho lake litakwenda kwenye lili zinazoota zenyewe hapa Kwale, na hizo zinaua.

Lili za kwetu si za kula

Ya kwanza ni mkalamu, ambao wataalamu wa mimea huuita Gloriosa superba. Huchipuka mvua zikianza, kwenye vichaka vya pwani, kando ya nyua na kwenye kichanga. Petali zake zimepinduka kuelekea juu, nyekundu zenye kingo za manjano zinazojikunjakunja. Ua ni zuri sana, hata Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Chini yake kuna kiazi cha kahawia kilichogawanyika pande mbili na kupinda, na mtu aliyezoea kuchimba viazi mwitu anaweza kukiona akadhani amepata.

Ndani ya kiazi hicho mna kolchisini. Madaktari huwapa wagonjwa wa jongo dawa hiyo kwa vipimo vidogo mno, na ikizidi kidogo tu inageuka sumu. Kuchemsha hakuiondoi. Sri Lanka, ambako mmea huu huota kwa wingi, hospitali zimepokea watu waliokula kiazi chake wakidhani ni kiazi cha kawaida. Hatari kubwa ni kwamba dalili huchelewa. Saa kadhaa hupita kabla ya kutapika na kuharisha kuanza, na mgonjwa anaweza kuonekana ametulia kabla ya figo na viungo vingine kushindwa kazi. Aliyenusurika nywele humnyonyoka baada ya juma moja au mawili. Kwa hiyo mtoto akitafuna kiazi cha mkalamu usingoje aumwe tumbo. Mpeleke mara moja kwenye hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, na uchukue kipande cha mmea wenyewe, majani na kiazi, ili daktari ajue anapambana na nini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni.

Mkalamu una alama moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kufundishwa: ncha ya jani hurefuka ikajikunja, na kwa ncha hizo mmea hushika kichaka na kupanda. Ukiona jani linalojishikiza kwa ncha yake, usichimbe.

Zipo nyingine. Lile ua jekundu la mviringo linalochomoza peke yake ardhini mvua ya kwanza ikinyesha, lina kitunguu chenye sumu. Zile lili kubwa nyeupe zenye majani marefu mapana, zinazopandwa mbele ya hoteli za Diani, nazo vitunguu vyake ni sumu. Ziache zipambe bustani, na uwaambie watoto na wafanyakazi wa nyumbani kwamba hakuna kitunguu cha ua kinacholiwa hapa.

Kinachofaa: kiazi kikuu

Anayetaka mmea mzuri juu ya ardhi na chakula chini yake, apande kiazi kikuu, yaani Dioscorea alata. Ni mtambaazi wenye majani mapana yenye umbo la moyo, unaoweza kufunika ua wa fito au wavu wa seng'enge kwa miezi mitatu na kukupa kivuli na faragha. Chini yake unapata kiazi cha kilo mbili, tatu, hata tano, cheupe au cha zambarau kwa ndani. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na kilivuka Bahari ya Hindi zamani sana pamoja na majimbi na ndizi. Madagaska bado ni chakula kinachojulikana kila mahali, Unguja na Pemba futari haikamiliki vizuri bila kiazi hiki, na Mtwara na Lindi wana ndugu yake mwitu, ming'oko, ambayo watu huchimba na kuiuza sokoni. Nigeria ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima jamii ya viazi hivi.

Kwetu Kwale tumekiacha kikapungua. Sokoni Kona ya Musa muhogo na viazi vitamu hukosi, lakini kiazi kikuu si kila siku utakiona. Nadhani sababu ni uvivu wa kungoja: muhogo unachomeka kijiti ukaondoka, kiazi kikuu kinataka shimo na mti wa kupandia. Majirani zetu waliohamia Ukunda kutoka Meru na Kirinyaga wanaijua thamani yake vizuri, maana huko kwao gikwa, kiazi cha jamii hii, hupandishwa juu ya mti na kuliwa asubuhi na chai. Waulize, watakueleza.

Tofauti yake na mimea yenye sumu iko kwenye shina. Shina la kiazi kikuu ni la pembe nne, na kila pembe ina ukingo mwembamba uliojitokeza. Lishike kwa vidole utauhisi. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na mishipa mikubwa ya jani yote huanzia pale jani linapoungana na kikonyo. Mtambaazi wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja na miiba shinani ni kiazi mwitu kingine, chenye sumu, ambacho watu walikila wakati wa njaa baada ya kukiloweka na kukiosha siku kadhaa. Kuna pia Dioscorea sansibarensis, iliyopewa jina la Zanzibar, yenye majani makubwa mapana na ncha ndefu, na shina la mviringo lenye vijiazi vidogo vinavyoning'inia. Hiyo nayo ni sumu. Usipande kitu ulichokiokota msituni. Panda kilichotoka kwenye kiazi ambacho wewe au jirani yako mmekila.

Kalenda inavyokaa

Sijui zao la mizizi linaloendana zaidi na majira ya kusini mwa pwani kuliko hili. Kiazi kikuu huchukua miezi minane hadi kumi. Ukikipanda masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, kinapata mvua nyingi zaidi ya mwaka wakati wa kutoa mizizi na majani. Mvua ya vuli ya Oktoba hadi Desemba inakikuta kikijaza kiazi. Kaskazi inapokausha nchi, Januari na Februari, majani hugeuka manjano na shina kukauka lenyewe: kimekomaa. Ukikivuna hapo, kiazi cha mbegu hulala miezi miwili au mitatu bila kuchipua, kisha huamka chenyewe masika mengine yakikaribia.

Kwa sasa kuna faida nyingine. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na ya 2028 karibu na 28 Januari, kwa kutegemea mwezi kuandama. Kwa miaka michache hii, mavuno ya kiazi kikuu na futari vinakutana.

Kupata mbegu na kuikata

Agroveti hawakiuzi. Mbegu ni kiazi chenyewe. Tafuta Kona ya Musa, au vuka Likoni uende Kongowea mjini Mombasa kulikojaa mazao ya kila pembe, au uwaulize wakulima wa Shimba Hills. Nunua mwezi Februari au Machi, kiazi kigumu kisicho na shimo, kisicho na ukungu, kisichonuka. Ukiona kichwa chake, yaani upande uliokuwa umeshikana na shina, kimeanza kuvimba au kutoa kichipukizi, hicho ndicho bora kuliko vyote.

Kiazi kikuu hakina macho kama kiazi cha chipsi. Karibu kila sehemu yenye ganda inaweza kuchipua, ila kichwa huchipua kwanza na kwa nguvu, katikati hufuata, mkiani huchelewa. Kata vipande vya gramu 200 hadi 300, kila kimoja kiwe na ganda la kutosha. Kwa kisu kikali na safi, si panga lenye matope. Paka jivu la kuni mahali palipokatwa, uviweke kivulini siku moja au mbili hadi pakauke. Ukipanda kipande kibichi kinachotoa maji, kwenye udongo wetu wa joto kitaoza kabla hujasahau ulipokiweka.

Mtu mwenye kiazi kimoja tu asikate tamaa. Watafiti wa Nigeria, kituo cha Umudike na kile cha IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, Ibadan, walieneza miaka ya 1980 mbinu ya kukata vipande vidogo vya gramu 25 hivi na kuviotesha kwenye kitalu kabla ya kuvihamishia shambani. Viazi utakavyovuna mwaka wa kwanza vitakuwa vidogo, lakini vitakuwa vingi, na hivyo ndivyo mbegu ya mwaka wa pili. Kwa kiazi cha kilo mbili unaweza kupata miche mingi kupita eneo lako.

Iwe vipande vikubwa au vidogo, mimi hupendelea kuviotesha kwanza. Chukua beseni kuukuu lenye matundu, weka makumbi ya nazi yaliyopondwa na kulowanishwa, laza vipande humo ganda likitazama juu, vifunike kidogo, weka kivulini. Nyunyiza maji yakikaribia kukauka, yasituame. Baada ya majuma matatu hadi sita vitaanza kuchipua. Kwa njia hii huachi pengo shambani kwa ajili ya kipande kilichokufa chini kwa chini bila wewe kujua.

Shimo ndiyo kazi yenyewe

Kiazi huingia chini kwa kiasi udongo unavyokiruhusu, na Ukunda ina udongo wa aina mbili zinazokera. Kuelekea ufukweni, Diani hadi Kinondo, jembe halijaingia shibiri mbili linagonga mawe ya matumbawe. Kuelekea ndani, Gombato, Bongwe na Mwabungo, ni kichanga ambacho maji hupita yakaenda zake na mbolea yakaichukua.

Vitabu vingi vinaelekeza matuta makubwa ya kupandia. Matuta hayo yanafaa kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, na kama uko bondeni penye udongo wa mfinyanzi, yafuate: kimo cha sentimita 50 au 60, na mita moja kutoka tuta hadi tuta. Lakini kwenye kichanga cha Ukunda tuta refu hukauka mvua ikipumzika siku nne. Hapa chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Tandika chini makumbi ya nazi, sehemu ya ndani ikitazama juu ili yashike maji. Jaza kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya samadi kwa ndoo mbili za udongo, hadi pawe na kiduta kidogo juu ya usawa wa ardhi, maana udongo utashuka. Andaa mashimo Machi, kabla ya mvua, ili yatulie.

Maangalizo machache juu ya vitu hivyo. Makumbi yaliyofukiwa matopeni ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamenywa chumvi. Tumia makumbi makavu ya nyumbani. Na samadi mbichi ya kuku itaunguza kipande chako; iache ioze miezi miwili au mitatu. Jivu usiliongeze shimoni; linatosha lile la kupaka kwenye mkato. Udongo wa matumbawe umeshajaa chokaa, na ukiuongezea jivu majani huwa ya manjano kwa kukosa madini ya chuma.

Palipo na mwamba mtupu, tumia mtaimbo kutafuta nyufa kwanza. Mara nyingi kuna mfuko wa udongo mwekundu kati ya mawe, na kiazi hujua kujipenyeza humo. Pakishindikana, panda kwenye gunia. Gunia la kilo 90, likunjwe mdomo, lijazwe mchanganyiko ule ule, litobolewe chini na pembeni, liwekwe juu ya mawe karibu na ukuta penye kitu cha kupandia. Kipande kimoja kwa gunia moja, usitamani viwili. Kiazi cha gunia huwa kifupi na kinene, na kukivuna ni kupasua gunia tu, jambo linalowafaa wazee wasioweza kuchimba. Gunia hukauka haraka, basi litataka maji wakati wa kiangazi hata kama mashimo hayahitaji.

Mvua ikishika, weka kipande kilichochipua katikati ya kiduta, sentimita 10 chini, chipukizi likitazama juu. Acha mita moja kati ya shimo na shimo. Funika juu kwa majani makavu, nyasi au makuti yaliyokatwakatwa, tabaka nene la kiganja kizima. Tandazo hilo usilidharau. Linapoza udongo, linashika unyevu na kuzuia magugu, na kwenye kichanga naliona ni muhimu kuliko mbolea ya dukani.

Mti wa kupandia na upepo wa kusi

Kiazi kikuu kilichoachwa kitambae chini hutoa majani yanayofunikana, yanayolowa na kuugua, na kiazi chake huwa kidogo. Kipe kitu cha kupanda juu, mita mbili hadi tatu, mapema, kabla mtambaazi haujazidi urefu wa mkono.

Fito za mvinje ndizo rahisi kupatikana kwetu, kwa kuwa watu wengi wa Msambweni na Kinondo huipanda miti hiyo kwa ajili ya kuuza. Mchwa huzipenda, hivyo sehemu ya kwenda ardhini ichome moto hadi iwe nyeusi kabla ya kuisimika. Bora zaidi ni mti ulio hai. Mzunze au gliricidia uliopandwa mwaka uliotangulia hausumbuliwi na mchwa, na ukiupunguza matawi hauzuii jua. Mnazi nao unafaa ukipanda mita moja na nusu kutoka shinani, kwa kuwa jua hupenya. Chini ya mwembe au mkorosho usipoteze mbegu yako, ni giza.

Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti, wakati hasa mtambaazi unapojaza majani na kuwa mzito. Panda upande wa nyumba uliokingwa, au uzifunge fito tatu tatu vichwa pamoja. Shina likivunjika Julai, kiazi hakitafidia hasara hiyo.

Maji, magonjwa na wezi wa miguu minne

Aprili hadi Juni mbingu itakumwagilia. Baada ya hapo, juma likipita bila mvua, mwagilia mara mbili, lita tano kwa shina. Onja maji ya kisima chako kwanza. Visima vilivyo karibu na bahari vimeingiwa na chumvi, na kiazi kikuu hakiistahimili. Kingo za majani zikianza kuungua kahawia wakati udongo una unyevu, shuku maji. Kusanya ya mvua kutoka paani, hata pipa moja litasaidia mwezi wa Septemba. Ikifika Januari na majani yakianza kugeuka, acha kabisa kumwagilia.

Magugu yang'oe kwa mkono. Mizizi ya kiazi kikuu hutambaa juu juu kwenye tandazo, na jembe huikata.

Ugonjwa unaokitesa zaidi ni chule, ukungu unaotia madoa meusi kwenye majani na mashina hadi mtambaazi mzima unaonekana umeunguzwa na moto. Huenea kwa matone ya mvua na kwa mikono ya mtu anayepita kati ya majani yaliyolowa. Acha nafasi kati ya mashina, usiguse mimea asubuhi yenye umande, toa majani yenye madoa mapema uyachome, na mbegu ichukue kwenye shina lililobaki la kijani hadi mwisho. Usipande kiazi kikuu pale pale mwaka wa pili. Minyoo ya mizizi hujazana. Zungusha na zao lisilobeba minyoo hiyo.

Kisha nyani. Mtu wa Ukunda hahitaji kuelezwa. Tumbili na kima watachuma machipukizi kwa mchezo, lakini nyani ndiye anayechimba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwaua, na mtu mwenye roho njema asingetaka kuwawekea sumu, kwa kuwa sumu hiyo hiyo itaishia kwa mbwa wa jirani au mtoto. Laza wavu wa kuku juu ya kiduta, ukate tundu la shina kupita, uubane pembeni kwa mawe mazito, kisha uufunike kwa tandazo. Anayechimba hukutana na waya akaondoka. Muhimu zaidi, pipa la taka liwe na kifuniko: nyani hugundua bustani yako anapokuja kutafuta maganda ya ndizi. Wavu huo huo unasaidia kidogo dhidi ya nungu na panya buku. Mbuzi wa jirani ni suala la kuzungumza na jirani.

Kuvuna, kuweka, kupika

Ngoja majani yote yakauke. Chimba kuanzia mbali, nusu mita kutoka shinani, uondoe udongo kwa mkono unapokaribia. Kila jeraha ni mlango wa kuoza. Usikioshe. Kiache mahali penye kivuli na hewa siku tano au sita, ganda ligumu na majeraha yajifunge. Joto na unyevunyevu wetu wa pwani hufanya kazi hiyo vizuri. Baada ya hapo kiweke juu ya uchaga, kisigusane na kingine, mahali panapopita hewa, na kitakaa miezi miwili au mitatu. Usikitie kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 hukiharibu kwa ndani. Kilichojeruhiwa ndicho kiliwe kwanza.

Kibichi hakiliwi, kinawasha. Paka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kumenya, menya ganda kwa unene, na vipande uvitumbukize kwenye maji yenye chumvi mara moja visigeuke rangi. Kata vipande vinene. Vichemshe kwa maji na chumvi hadi kisu kianze kupenya, mwaga maji hayo, tia tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili mbichi mbili zisizopasuliwa. Vikishaiva tia tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga, na uondoe motoni likianza tu kuchemka, lisije likakatika. Hapo kinangoja changu wa kukaanga. Wapendao tamu huacha kitunguu na pilipili, wakatia sukari kidogo na hiliki. Kile cha zambarau kwa tui na hiliki, kwa maoni yangu, hakuna kiazi kinachokifikia mezani.

Kabla hujapika, kata kichwa cha kila kiazi kizuri, kiasi cha ngumi moja, ukipake jivu na ukiweke juu ya uchaga. Hicho ndicho shamba lako la mwakani, na kwa kuwa duka halikiuzi, mbegu ya kiazi kikuu hapa Kwale itaendelea kuwapo kwa watu kupeana tu. Weka kimoja zaidi ya unavyohitaji, na Machi mpe jirani pamoja na maelezo ya kuutofautisha mkalamu.